Vijana wanajua kufungua klachi, sasa wapewe mahali salama pa kuifungulia

Kitu cha kwanza kuvunjika siku tuliyofungua klachi ya Corolla ya binamu yangu kilikuwa tofali. Halikuvunjika kwa kishindo. Lilitoa mlio mdogo tu, kama mtu aliyekanyaga biskuti, kisha gari likaegemea upande wa kushoto, jeki ikapinda, na diski ya breki ikajichimbia kwenye udongo wa ploti. Dakika moja hivi kabla ya hapo nilikuwa nimelala chali papo hapo, tochi ya simu kifuani, nikipapasa bolti ya chini ya giaboksi. Nilikuwa nimetambaa nje kufuata spana ya namba 17.

Tulisimama tukitazamana. Keyateka akatokea na ndoo yake ya maji, akalitazama gari, akatutazama sisi, akasema, "Nyinyi vijana, mkifia hapa nitamwambia nini mwenye nyumba?" Hakuna aliyemjibu.

Tangu siku hiyo nimetaka kusema jambo hili hadharani. Vijana wa nchi hii wanajua kutengeneza magari yao, na wasiojua wana hamu na wana video za kuwafunza. Wanachokosa ni sakafu ngumu na vyuma vya kulishikilia gari likiwa juu. Hilo linaweza kurekebishwa, tena bila bajeti kubwa, na wanaopaswa kulirekebisha wanajulikana.

Swali ambalo kila mtu hutuuliza ni hili: mbona hamkupeleka kwa fundi? Jibu fupi ni pesa. Binamu yangu huchukua mayai kwa wafugaji wa upande wa Banana na kuyasambaza kwenye maduka na vibanda vya Ruaka hadi Kangemi. Gari lake ni la mwaka wa 1996, ile Corolla ambayo Wakenya huiita wan-ten, ya gia za mkono, aliyouziwa na baba yake mdogo. Gereji ya kwanza ilimwitisha Sh22,000, spea pamoja na kazi. Ya pili ikasema Sh17,000 lakini gari likae siku nne. Siku nne bila mayai ni siku nne ambazo mwenye kibanda anatafuta mtu mwingine wa kumletea, na akishampata hakurudii.

Jibu refu ni kwamba magari ya aina hiyo ndiyo kijana anayeanza maisha anaweza kuyafikia. Sheria zetu haziruhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hivyo hizo Corolla, Nissan B14 na pikapu za miaka ya tisini unazokutana nazo barabarani ni zile zilizoingia zamani na zikabaki. Zimepita mikono mitano, sita. Mwenye gari wa kwanza alilipeleka kwenye gereji yenye risiti na kiti cha kungojea. Wa sita analifungua chini ya mparachichi.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba watu wataacha. Tuzungumze namna ya kuifanya kazi hiyo.

Kabla hata ya kuinua gari kuna kazi ya kukaa chini na kufikiri, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Klachi ya binamu ilianza kulalamika mlimani. Uko gia ya tatu unapanda kuelekea Banana, unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini gari linakwenda mwendo ule ule kama punda aliyegoma. Kisha inakuja harufu, kama ya karatasi na nywele zilizoungua pamoja. Hiyo ni klachi inayoteleza. Kuna jaribio rahisi la kuithibitisha. Gari likiwa mahali tambarare, mbele na nyuma hakuna mtu, vuta breki ya mkono hadi mwisho, weka gia ya nne, kisha uiachilie klachi polepole huku mguu wa kulia uko tayari kwenye breki. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu, maana kila unaporudia unazidi kuichoma.

Lakini kama shida ni gia kukataa kuingia, hasa ile ya kurudi nyuma inayokwaruza, usikimbilie kununua klachi. Kwenye Corolla hizi klachi husukumwa na mafuta ya breki yanayotoka kwenye silinda iliyo karibu na pedali, yakapita kwenye bomba hadi silinda ndogo iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Silinda hiyo ndogo ikivuja, pedali inalegea, klachi haiachii sawasawa, na gia zinagoma. Raba zake bei yake ni kama ya chakula cha mchana. Namfahamu jamaa aliyeshusha giaboksi nzima, akabadilisha kila kitu, akairudisha, na gia zikakwaruza vile vile. Kumbe ilikuwa raba! Hadi leo hataki kulizungumza jambo hilo.

Ukishakuwa na hakika, nunua vitu vitatu. Kuna diski yenyewe, ambayo mafundi huiita klachi pleti, iliyovikwa ngozi ngumu inayofanana na ya breki. Kuna presha pleti, chuma chenye springi kinachoibana diski hiyo kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo mwishoni mwa injini. Na kuna beringi inayozisukuma springi hizo unapokanyaga pedali. Muuzaji anaweza kukuambia kuwa diski pekee inatosha. Inatosha, ndiyo, kwa muda. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ni kushusha giaboksi na kuipandisha. Diski yenyewe hubadilishwa kwa muda wa kunywa chai. Beringi ya zamani ikianza kulia mwezi ujao, utashusha giaboksi upya kwa sababu ya kitu cha bei ya chini kuliko vyote.

Tulinunua vyetu Kirinyaga Road kwa Sh9,500, tukiwa na nambari ya chesisi, na tukakubaliana na muuzaji kwamba visipolingana na vya zamani tutabadilishana. Sharti hilo ni muhimu. Diski mbili zinaweza kufanana kwa macho, na moja ikawa na upana tofauti au meno tofauti ya katikati, na meno yasipolingana haiingii hata uiombee.

Kazi yenyewe sitaieleza bolti kwa bolti. Nitataja pale tulipoteseka na pale ambapo video hupita haraka.

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu, ile ya soketi namba 30, hulegezwa gari likiwa chini, magurudumu yote manne yakigusa ardhi na mtu amekanyaga breki. Kiwandani hufungwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 216, na ukiongeza kutu ya miaka mingi, kuilegeza kunataka bomba la kurefusha mpini na uzito wa mtu mzima. Sisi tulilegeza ya kulia vizuri, ya kushoto ikatushinda, tukasema tutarudi kwake. Tulirudi kwake gari likiwa hewani, gurudumu limeshatolewa. Binamu akaning'inia kwenye bomba, gari likatikisika, na tofali likasalimu amri. Ajali yetu haikuletwa na shetani wala jeki ya Uchina. Ililetwa na hatua moja iliyofanywa nje ya zamu yake, juu ya kitu ambacho hakikutengenezwa kubeba gari.

Tofali na jiwe la kujengea huweza kubeba uzito mwingi ukiwa umetulia na umeenea. Chini ya gari uzito hukaa kwenye ncha ndogo ya chuma, tena unacheza. Jiwe likipata ufa haliinami kwanza ili likuonye. Jeki nayo kazi yake ni kuinua. Ile ya siza inayokuja na gari ilitengenezwa kwa ajili ya pancha, dakika kumi, na hakuna mtu chini. Nikisema hivi wazee wa gereji hucheka, wanasema wamefanya kwa mawe miaka thelathini. Ni kweli, na ambao hawakufika miaka thelathini hawapo hapa kutoa maoni yao.

Tuliendelea baada ya kuazima jeki kubwa ya majimaji kwa jirani wa matatu, na kusukuma magurudumu yaliyotolewa chini ya ubavu wa gari kama bima. Bado haikuwa sawa, nakiri.

Mengine kwa ufupi. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa stata. Giaboksi ina matundu mawili ya oili, la kujazia na la kumwagia; fungua la kujazia kwanza, kwa sababu ukimwaga oili yote halafu ugundue hilo la juu limeshikwa na kutu, una giaboksi tupu na huna pa kuitilia. Ile silinda ndogo ya klachi ifungue bolti zake tu, uiweke kando na kuifunga kwa waya bila kukata bomba lake, kisha uwatangazie wote walio hapo kwamba hakuna kukanyaga pedali. Kulikuwa na mtoto wa jirani aliyetaka sana kukaa kwenye usukani. Tulimpa kazi ya kulinda spana.

Bolti zinazounganisha giaboksi na injini hazina urefu mmoja. Binamu alichora umbo la giaboksi kwenye katoni ya mayai, akatoboa, akachomeka kila bolti mahali ilipotoka. Niliona ni mbwembwe. Jioni, macho yamechoka, katoni hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na akili timamu katika ploti nzima.

Ukitoa maunti ya upande wa giaboksi, injini haina tena kinachoishika upande huo. Lazima iwe imeshikiliwa kwa jeki chini ya sampu, na ubao katikati usije ukaitoboa. Giaboksi yenyewe ni chuma cha zaidi ya kilo 30, chenye pembe pembe na mafuta ya kuteleza. Kuna vijana mtandaoni wanaoipokea kwa kifua huku wakicheka. Usiwaige. Iteremshe kwa jeki, watu wawili, na uivute ikiwa imenyooka hadi shafti yake itoke kabisa kwenye diski.

Ukifungua presha pleti utakutana na vumbi jeusi. Usilipulizie kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki. Lipanguse kwa kitambaa kibichi, ukitupe kitambaa kikiwa ndani ya mfuko.

Sisi tulikuta vumbi hilo limegeuka tope. Oili ilikuwa ikivuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini, ikidondokea klachi miaka na mikaka. Yaani hata tungeweka diski ya dhahabu ingeteleza tu. Sili yenyewe si ghali, lakini ilikuwa saa kumi na moja jioni Jumamosi na maduka yalishafungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile gereji ya siku nne haikuwa ikitudanganya. Walijua kinachoweza kupatikana ndani. Sisi ndio tuliokuwa tukihesabu saa kana kwamba gari hutii ratiba.

Jumapili tulipata sili, tukaibadilisha, tukaipangusa flaiwili (haikuwa na nyufa wala mabaka ya samawati ya kuungua, la sivyo ingekwenda kwa fundi wa lethi), tukafunga diski na presha pleti mpya. Kisha giaboksi ikakataa kuingia. Tuliinua, tukashusha, tukainamisha, tukasukuma kwa magoti. Saa mbili zikapita. Ilibaki nafasi ya kidole kimoja kati yake na injini, na binamu akasema tuivute kwa kukaza bolti. Nilikubali, kwa sababu ya uchovu. Kwa bahati nzuri alipita fundi anayeishi ploti ya pili, akitoka kanisani na Biblia kwapani.

"Wekeni spana chini," alisema hata kabla ya salamu. "Mkikaza hivyo mtapasua masikio ya giaboksi, na hiyo haishonwi."

Kisha akachungulia chini. "Na hili gari mmeliweka juu ya nini?"

"Juu ya jeki, fundi. Na haya magurudumu."

Alikwenda kwake, akabadilisha nguo, akarudi na stendi nne za chuma, zile zenye miguu mipana na pini ya kufunga kimo. Hakugusa kitu chochote kingine hadi gari lilipokaa juu ya zote nne, magurudumu ya nyuma yakiwa yametolewa pia, na chini ya kila stendi kipande cha ubao mnene ili isizame kwenye udongo. Akalisukuma gari kwa bega mara tatu kwa nguvu. Halikutikisika. Ndipo akaingia chini.

Kosa letu lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Diski haikuwa katikati. Kifaa cha plastiki cha kuilenga hakikuwa kwenye boksi letu, nasi tukakadiria kwa macho. Fundi alichonga mpini wa fagio kwa kisu hadi ukaingia kwenye tundu la krenki na kwenye meno ya diski, akalegeza bolti za presha pleti, akaisogeza diski kwa tofauti ndogo mno, akakaza kwa kuvuka: ya juu, kisha ya chini yake, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Kitabu cha gari hutaja nyutoni-mita 19 kwa bolti hizo, ambazo ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Alihakikisha pia ule upande wa diski wenye springi umetazama giaboksi, maana kuna watu huigeuza. Giaboksi ikaingia kwa msukumo mmoja na kutoa mlio wa kuridhisha, sijui niufananishe na nini. Mlango wa friji mpya, labda.

Alitaka Sh1,500. Tulimpa 2,000 na trei ya mayai. Kabla ya kuondoka alimwambia binamu, "Kijana, mguu wako wa kushoto unapumzika kwenye pedali ukiendesha. Nimeona kiatu chako. Na ukiwa kwenye jam mlimani unalishikilia gari kwa klachi badala ya hendibreki, si ndiyo?" Binamu akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli kabisa. Waiyaki Way jioni ndiyo iliyoila nusu ya klachi ile, oili ikamalizia.

Ukijumlisha spea, sili, oili mpya ya giaboksi na fundi, tulitumia kama Sh13,500. Tuliokoa pesa, ingawa si nyingi kama tulivyojigamba. Oili chafu tuliipeleka kwenye gereji inayozikusanya, maana mtaro wa ploti huishia mtoni.

Nimeeleza haya kwa kirefu ili msomaji aone mahali hasa pa tatizo. Ujuzi tuliokosa ulipatikana ploti ya pili kwa Sh2,000 na trei ya mayai. Lakini ule wa Jumamosi asubuhi, wa kulala chini ya chuma cha karibu tani moja kilichoshikiliwa na tofali, haukuwa ukosefu wa ujuzi. Kila mmoja wetu alijua si salama. Hatukuwa na stendi, hatukuwa na sakafu ya simiti, na hatukuwa na pa kwenda.

Pa kwenda papo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Vyuo hivyo vinavyofunza umakanika wa magari vina karakana, na karakana ina sakafu, stendi, cheni ya kuinulia injini na mwalimu anayejua kusema "wekeni spana chini". Kilicho karibu nasi hufungwa Jumamosi saa sita mchana. Kuanzia hapo hadi Jumatatu asubuhi stendi zimelala ndani zimefungiwa kwa kufuli, huku kilomita mbili kutoka hapo vijana wakitafuta mawe.

Kaunti zifungue karakana hizo wikendi. Kijana alipe ada ya siku, tuseme kama anayolipa kuosha gari na kuegesha mjini, aweke kitambulisho langoni, apewe nafasi, stendi nne na sheria zilizobandikwa ukutani. Mwalimu mmoja awe zamu, alipwe marupurupu kutokana na ada hiyo. Wanafunzi wawili wa chuo wawe wasaidizi wake, maana gari bovu la mtu halisi linafunza zaidi ya injini iliyokatwa nusu na kupakwa rangi darasani. Na yule anayekuja mara kwa mara na kugundua kwamba ana mkono wa kazi hii aelekezwe kwenye mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia Gredi III, inayopima anachoweza kufanya kwa mikono. Tuna vijana wengi ambao ni mafundi tayari na hawana karatasi ya kuonyesha.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba tutawanyang'anya mafundi wa jua kali kazi. Nilimuuliza yule fundi wetu. Alisema wateja wanaofungua wenyewe humletea kazi nyingi kuliko wanazomnyima, kwa sababu nusu yao hukwama katikati, na aliyewahi kushusha giaboksi hajadiliani tena bei ya kuishusha. Hilo nimeliona kwangu mwenyewe. Zamani nilidhani Sh4,500 za kazi ya klachi ni wizi. Sasa naona aibu kidogo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mtu akiumia ndani ya karakana ya kaunti, nani atawajibika? Ni swali la haki, na kaunti italazimika kuweka bima na kukataza walevi, watoto na mtu anayekuja peke yake. Lakini wanaouliza swali hilo wajiulize pia nani anawajibika leo. Kijana akibanwa na gari kwenye ploti, anayewajibika ni mama yake. Hakuna ofisi inayoandika jina lake mahali popote.

Hadi milango hiyo ifunguliwe, wewe unayepanga kuanza Jumamosi hii, stendi ni lazima, hata ikibidi kuazima au kukodi kwa fundi. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa kabari pande zote mbili. Lisukume gari kwa bega kabla ya kuingia chini yake, na likitikisika, anza upya. Nati zote ngumu zilegezwe gari likiwa bado chini. Na asikose mtu wa pili, aliye macho, mwenye simu yenye salio.

Sisi tulichanga, watu sita, tukanunua stendi nne zetu. Hukaa kwa keyateka, nyuma ya mapipa ya maji, na daftari la kuandika nani amezichukua na lini atarudisha. Wiki hii ziko Kikuyu kwa jamaa wa B14 anayebadilisha beringi. Keyateka amekuwa mkali nazo kuliko sisi wenye mali, hazitoki bila jina, nambari ya simu, na swali lake lile lile: "Na mawe mmeyatupa?"